Pasipoti Mbili, Jezi Moja: Jinsi Uraia Pacha Unavyoamua Maisha ya Mchezaji wa Kikapu

Tarehe 28 Julai 2024, mjini Lille, kila mchezaji wa kikapu Joel Embiid alipogusa mpira uwanja ulimzomea. Mechi ilikuwa ya Marekani na Serbia katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, lakini waliozomea hawakuwa Waserbia peke yao. Walikuwepo Wafaransa wengi, na wao ndio waliokuwa na kinyongo. Embiid, mzaliwa wa Yaoundé nchini Kameruni, alipewa uraia wa Ufaransa Julai 2022. Septemba mwaka huo huo akawa raia wa Marekani. Kwa zaidi ya mwaka mashabiki wa Ufaransa walisubiri kumwona ndani ya jezi ya bluu, na Oktoba 2023 akatangaza kwamba ataichezea Marekani. Kule Kameruni nako kulikuwa na watu waliokuwa wakimngoja. Mwisho wa mashindano alivaa medali ya dhahabu, baada ya Marekani kuifunga Ufaransa 98-87 kwenye fainali.

Msaliti, wengine walisema. Neno hilo ni zito mno kwa jambo lenyewe. Mjadala wote ule uliendeshwa kana kwamba mchezaji mwenye uraia pacha hufungua kabati, akatazama jezi zilizoning'inia, kisha akachukua ile anayoipenda. Sivyo inavyokuwa. Sehemu kubwa ya uamuzi huwa imeshafanywa na tarehe: tarehe aliyozaliwa, tarehe pasipoti ilipotolewa, tarehe aliyoingia uwanjani kwa mara ya kwanza na nembo ya taifa kifuani. Moyo una nafasi yake, ila mara nyingi huitwa baada ya faili kusomwa.

Wasomaji watatu wa pasipoti moja

Pasipoti ya mchezaji wa kulipwa husomwa na mamlaka tatu, na kila moja hutafuta kitu chake. Dola huuliza: huyu ni raia wetu? FIBA, shirikisho la kimataifa lenye makao yake Mies, Uswisi, huuliza: amekuwa raia tangu lini? Ligi huuliza: tumhesabu mgeni au mwenyeji? Mtu mmoja anaweza kupewa majibu matatu yanayopingana, na yote yakawa halali.

Upande wa dola, nchi hazifanani hata kidogo. Marekani humpa uraia karibu kila mtoto anayezaliwa kwenye ardhi yake. Ugiriki, kwa desturi ya sheria zake, imekuwa ikifuata damu ya wazazi. Japani haitaki mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Sheria ya uraia ya Kameruni ya mwaka 1968 inaeleza kuwa mtu mzima anayejitwalia uraia wa kigeni kwa hiari yake hupoteza ule wa Kameruni. Kwa hiyo ile picha ya Embiid akichagua kati ya nchi tatu zilizo sawa mezani haikuwa kamili tangu mwanzo.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Giannis Antetokounmpo. Alizaliwa Athens Desemba 1994, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Nigeria. Alikulia mtaa wa Sepolia, akasoma shule za Kigiriki, akaongea Kigiriki kama watoto wenzake, akajifunza kikapu katika klabu ndogo ya Filathlitikos. Lakini hadi anatimiza miaka 18 hakuwa na pasipoti ya nchi yoyote. Hakuwa Mgiriki kwa sababu wazazi wake hawakuwa Wagiriki, na karatasi za Nigeria hakuwa nazo. Wasaka vipaji wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ilibidi waende kumtazama kwenye ukumbi mdogo wa ligi daraja la pili, kwa kuwa yeye hakuwa na jinsi ya kusafiri kwenda kuonekana. Uraia wa Ugiriki aliupata tarehe 9 Mei 2013. Tarehe 27 Juni, wiki saba baadaye, Milwaukee Bucks wakamchagua wa 15 kwenye drafti, ile siku ambayo klabu za NBA huteua wachezaji wapya kwa zamu. Mtu aliyekuwa hana hati ya kuvukia mpaka alipanda jukwaani New York, na ndugu yake Thanasis alikuwa ukumbini akipeperusha bendera ya Ugiriki.

Pasipoti ya Nigeria ilikuja baadaye, akiwa tayari mchezaji wa NBA. Kwa hiyo leo anatajwa kuwa mwanamichezo wa uraia pacha, lakini utoto wake wote aliuishi bila hata uraia mmoja. Hili linasahaulika sana watu wanapozungumza juu ya wachezaji wenye pasipoti mbili kama watu waliozaliwa na bahati ya ziada.

Miaka 16, miaka 17

Sasa tuje FIBA, maana hapa ndipo fundo lenyewe lilipo.

Kanuni zao zina vipengele viwili ambavyo kila mzazi mwenye mtoto anayecheza kikapu na mwenye asili ya nchi mbili angepaswa kuvijua mapema. Cha kwanza ni kwamba timu ya taifa, katika wachezaji wake 12, inaruhusiwa kuwa na mmoja tu aliyepata uraia wa nchi hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Njia aliyoupatia haijalishi, iwe tajnisi (uraia wa kuomba), ndoa au asili ya bibi yake. Na kipengele hiki kinakwenda mbali zaidi ya wengi wanavyodhani: hata aliyekuwa na haki ya uraia huo tangu siku anazaliwa, lakini hakuudai mpaka akavuka miaka 16, naye huhesabiwa kwenye nafasi hiyo moja.

Cha pili ni kwamba mwenye uraia zaidi ya mmoja, akishacheza mashindano makubwa rasmi ya FIBA baada ya kutimiza miaka 17, amekwisha kuchagua. Hakuna kurudi nyuma, isipokuwa katibu mkuu wa FIBA aridhie aichezee nchi yake ya asili, kwa sababu ya kukuza mchezo katika nchi hiyo.

FIBA wamejiachia mwanya kidogo kwenye kile kipengele cha kwanza. Palipo na shaka, wanaweza kuangalia mchezaji ameishi nchini miaka mingapi, amecheza ligi ya huko misimu mingapi, na ana mafungamano gani mengine ya kweli na nchi hiyo. Giannis alipata uraia akiwa na miaka 18, lakini kwenye Olimpiki ya Paris 2024 alicheza bega kwa bega na Thomas Walkup, Mmarekani aliyepewa uraia wa Ugiriki. Hilo lisingewezekana kama Giannis naye angekuwa amekalia ile nafasi moja ya tajnisi.

Namna nafasi hiyo moja inavyouma iliwahi kuonekana wazi Hispania. Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, alipata uraia wa Hispania mwaka 2011 na mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa Ulaya na timu hiyo. Mwaka 2012 akaongeza medali ya fedha ya Olimpiki ya London. Nikola Mirotić, mzaliwa wa Podgorica huko Montenegro, alifika Real Madrid akiwa kijana mdogo kabisa, akalelewa kimchezo pale, akapata uraia mwaka 2010 akiwa na miaka 19. Wote wawili walikuwa warefu, wote wa kiwango cha NBA, na wote walikuwa Wahispania mbele ya sheria za Hispania. Lakini mbele ya FIBA kiti kilikuwa kimoja. Kombe la Dunia la mwaka 2014, lililochezwa Hispania kwenyewe, akaitwa Ibaka. Ubingwa wa Ulaya wa 2015 akaitwa Mirotić, na Hispania ikatwaa dhahabu. Olimpiki ya Rio 2016 akaitwa Mirotić tena, wakarudi na shaba. Raia wawili wa nchi moja hawakuweza kukaa kwenye benchi moja kwenye mashindano yale. Anayeuliza kwa nini Ibaka aliiacha Hispania, au Hispania ilimwacha Ibaka, aanzie hapo.

Nafasi hiyo hiyo inaweza pia kutumika kwa namna inayonikera. Julai 2022 serikali ya Hispania ilimpa uraia Lorenzo Brown, Mmarekani ambaye hakuwahi kucheza ligi ya Hispania wala kuishi huko. Ulipitia utaratibu wa pekee wa baraza la mawaziri, wakati mhamiaji wa kawaida kwa sheria ya jumla hudaiwa ukaazi wa miaka 10. Miezi miwili baadaye Hispania ilikuwa bingwa wa Ulaya, naye akiwa ndiye mwongozaji wa mashambulizi. Alicheza vizuri ajabu, na hakuvunja kanuni yoyote. Lakini ukimweka karibu na Mirotić, aliyekulia pale, unaona kanuni inawapima kwa kipimo kile kile, tarehe ya pasipoti tu, na kuwaita kitu kimoja.

Huko Ufilipino jambo limekuwa kama msiba wa taifa usiokwisha. Jordan Clarkson, mwenye asili ya Ufilipino upande wa mama, anahesabiwa na FIBA kuwa mchezaji wa tajnisi kwa sababu ya tarehe ya pasipoti yake. Justin Brownlee, Mmarekani aliyecheza ligi ya huko miaka mingi na kupendwa kama mtoto wa nyumbani, alipewa uraia kwa sheria maalumu mwaka 2023. Wawili hao hawawezi kucheza pamoja kwenye mashindano ya FIBA. Michezo ya Asia lakini haiendeshwi na FIBA. Inaendeshwa na Baraza la Olimpiki la Asia, ambalo hutazama pasipoti halali bila kipengele hicho cha miaka 16. Ndiyo maana Clarkson alicheza Michezo ya Asia ya 2018 kama Mfilipino yeyote. Na huko Hangzhou, mwaka 2023, timu iliyokuwa na Brownlee ilitwaa dhahabu ambayo Ufilipino haikuwa imeigusa tangu 1962.

Mlinganishe Clarkson na Karl-Anthony Towns. Towns alizaliwa New Jersey, mama yake akitoka Jamhuri ya Dominika. Mwaka 2012, akiwa na miaka 16 tu, alikuwa tayari na timu ya wakubwa ya Dominika. Karatasi zake zilikuwa tayari mapema, kwa hiyo yeye ni Mdominika kamili machoni pa FIBA, na nafasi ya tajnisi inabaki wazi kwa mwingine. Kinachowatofautisha hao wawili ni siku ambayo mtu mzima mmoja katika familia alikwenda kupanga foleni ubalozini.

Mlango uliofungwa mbele ya Nneka

Kipengele cha pili, kile cha miaka 17, kina ukali wake pia. Nneka Ogwumike ni mzaliwa wa Texas, mtoto wa wazazi Wanigeria. Aliichezea Marekani na kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2014 na 2018. Lilipofika suala la Olimpiki, Marekani ilimwacha nje ya kikosi tena mwaka 2021, ingawa alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa ligi ya wanawake. Akaomba kuichezea Nigeria. FIBA wakakataa, wakisema ameihudumia Marekani kwa muda mrefu mno. Elizabeth Williams, mzaliwa wa Uingereza mwenye wazazi Wanigeria, alikataliwa vilevile. Mdogo wake Nneka, Chiney, aliruhusiwa, lakini akihesabiwa kama mchezaji wa tajnisi. Rufaa ikapelekwa kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, nayo haikufua dafu. Kutoka familia hiyo ni Erica, mdogo wao mwingine, aliyecheza Tokyo akiwa na jezi ya Nigeria.

Ninaelewa hofu ya FIBA. Bila kufuli, nchi tajiri zingekusanya mabingwa kila mwaka wa Olimpiki kama klabu zinavyosajili, na nchi ndogo zingebaki shule za kuandaa wachezaji wa wenzao. Lakini Nneka alikuwa anatoka nchi yenye vipaji vya kumwaga kwenda nchi inayovihitaji. Kile kifungu cha nchi ya asili kiliandikwa kwa ajili ya hali kama yake hasa. Kukitumia kumzuia mwanamke ambaye Marekani yenyewe ilishamwacha ulikuwa uamuzi mbaya, na bado ni mbaya leo.

Nigeria haikusubiri. Kikosi cha wanawake kilichokwenda Paris 2024 kilikuwa na wengi waliozaliwa au kukulia Marekani kwa wazazi Wanigeria. Kiliifunga Australia 75-62, kikaifunga Kanada 79-70, kikaingia robo fainali. Hakuna timu ya kikapu ya Afrika, ya wanaume wala wanawake, iliyowahi kufika hapo kwenye Olimpiki.

Hata wakati kufuli lilipofunguka, halikufunguka kwa wepesi. Hakeem Olajuwon wa Lagos alikuwa raia wa Marekani mwaka 1993, lakini ilibidi apate kibali maalumu kabla ya kuichezea Marekani kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996, kwa sababu ujanani aliwahi kuvaa jezi ya Nigeria.

Nchi iliyozaliwa baada ya wachezaji wake

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Ukifanya hesabu utaona ugumu wake: mchezaji aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka 1994 alikuwa na miaka 17 nchi yake ilipoanza kuwapo. Hakuna mzazi, hata angekuwa mwangalifu namna gani, ambaye angemwombea pasipoti kabla ya miaka 16. Na wengi wa kizazi hicho walikuwa wametawanywa na vita: Australia, Kanada, Marekani, Misri, Kenya, Uganda.

Luol Deng, aliyekuwa nyota wa NBA, alipitia hayo kabla yao. Alizaliwa Wau, akakimbilia Misri na familia yake, kisha London. Uraia wa Uingereza aliupata 2006, na kwa kuwa Sudan Kusini haikuwapo, aliichezea Uingereza, hadi Olimpiki ya London 2012. Alipostaafu akachaguliwa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini mwaka 2019, na safari za mwanzo za timu aliziwezesha kwa fedha zake mwenyewe. Kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya watoto wa wakimbizi waliotapakaa, kila mmoja na karatasi zake: Wenyen Gabriel, mzaliwa wa Khartoum aliyekulia New Hampshire; Marial Shayok, mzaliwa wa Kanada; Nuni Omot, aliyezaliwa Kenya na kukulia Minnesota. Nafasi ile moja ya tajnisi akapewa Carlik Jones, mwongozaji kutoka Cincinnati.

Matokeo yanajulikana. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 waliifunga Angola 101-78 na kukata tiketi ya Paris. Tarehe 20 Julai 2024, kwenye mechi ya kujipima nguvu mjini London, Marekani yenye LeBron James iliponea chupuchupu, 101-100. Jones alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na pasi za kufunga 11. Huko Lille wakaifunga Puerto Rico 90-79, siku ambayo waandaaji walianza kwa kupiga wimbo wa taifa usio wao, ule wa Sudan. Wachezaji walisimama na mikono kifuani mpaka wimbo sahihi ulipopigwa.

Timu hiyo ina mfano mzuri wa kanuni ya miaka 17 pia. Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek aliyekulia Uganda, alicheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16. Kwa herufi za kanuni, mlango wake ulikuwa bado haujafungwa. Ulifungwa Paris, alipoingia uwanjani akiwa na miaka 17. Mwaka uliofuata aliteuliwa wa 10 kwenye drafti ya NBA.

Huko kwenye mkate wa kila siku

Timu ya taifa ni wiki chache kwa mwaka. Klabu ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, na huko pasipoti ya pili ina bei yake.

Katika ligi nyingi za Ulaya, klabu ina nafasi chache za wachezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, na nafasi hizo kwa kawaida huliwa na Wamarekani. Hukumu ya Bosman, iliyotolewa na Mahakama ya Ulaya Desemba 1995, ilizuia kuwawekea kikomo raia wa nchi za Umoja. Tangu hapo, Mmarekani mwenye bibi wa Kiitalia au Kigiriki aliyefanikiwa kupata pasipoti hiyo akawa mali tofauti kabisa sokoni: kiwango kile kile, lakini hatumii nafasi ya mgeni. Mawakala wengi huanza na swali moja kabla hata ya kutazama takwimu: babu zako walitoka wapi? Israeli nayo, kwa Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, imewapa uraia wachezaji kadhaa wenye asili ya Kiyahudi, na klabu za huko zikafaidika.

Kuna pia Mkataba wa Cotonou, uliotiwa saini nchini Benin mwaka 2000 kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha kutowabagua wafanyakazi wa nchi hizo walioajiriwa kihalali. Baada ya Mahakama ya Ulaya kuamua mwaka 2003, katika kesi ya mlinda mlango wa mpira wa mikono Maroš Kolpak, kwamba mikataba ya aina hiyo inawahusu na wanamichezo, baadhi ya ligi, ya Hispania ikiwemo, zikawa hazimhesabu Msenegali au Mkongo kama zinavyomhesabu Mmarekani. Ghafla pasipoti ya Afrika, inayosumbua kwenye kila dirisha la viza, ikawa faida kwenye usajili. Mmarekani mwenye baba kutoka Afrika Magharibi akaona sababu mpya ya kutafuta cheti cha kuzaliwa cha baba yake.

Thamani hiyo hupanda na kushuka bila mchezaji mwenyewe kufanya lolote. Uingereza ilipokamilisha kujitoa Umoja wa Ulaya mwishoni mwa 2020, wachezaji wenye pasipoti ya Uingereza pekee waligeuka wageni kwenye ligi kadhaa za Ulaya. Ligi kama za Hispania na Ufaransa nazo zimeweka kanuni ya wachezaji waliolelewa nyumbani: huulizwa ulifundishwa wapi ukiwa kijana, wala si una hati gani. Kwa maoni yangu hiyo ni njia ya haki zaidi, ingawa inambana aliyefika akiwa na miaka 21.

NBA haina mambo hayo. Haina kikomo cha wageni, na wachezaji zaidi ya 120 kutoka nje ya Marekani huanza msimu humo. Wanachoangalia kwenye drafti ni mahali ulipoishi na kusoma. Mmarekani na Mslovenia hutofautishwa na shule, si pasipoti.

Upande wa fedha, mwenye uraia wa Marekani hubeba mzigo ambao wenzake hawaujui: Marekani hutoza kodi raia wake popote walipo duniani. Mikataba mingi ya Ulaya huandikwa kwa kiasi halisi kinachoingia mkononi, klabu ikilipa kodi ya nchi, nyumba na gari. Hata hivyo Mmarekani anayecheza Uturuki bado hujaza fomu za kodi za kwao. Kwa mwaka 2024, dola 126,500 za kwanza za mshahara wa ugenini ziliweza kusamehewa. Zinazozidi zinahitaji hesabu ya makini. Aliyepewa uraia wa Marekani akiwa NBA, kisha akamalizia maisha yake ya kikapu Ulaya, huenda na mzigo huo. Klabu isipolipa, kuna Baraza la Usuluhishi la Kikapu lililoanzishwa na FIBA mwaka 2007, ambalo limewaokoa wachezaji wengi waliokuwa wakidhulumiwa na klabu zilizofilisika. Huko angalau hawaulizi uraia.

Kalenda nayo hukata shingo. Tangu Novemba 2017 mechi za kufuzu Kombe la Dunia huchezwa kwa madirisha, yaani vipindi vifupi, ya Novemba, Februari na katikati ya mwaka. NBA haisimamishi msimu wake. Kwa hiyo mchezaji wa NBA aliyeichagua nchi ya wazazi wake atakosa mechi nyingi za kufuzu hata akitaka sana kwenda, na shirikisho likimtaka kiangazi lazima liwe na bima ya mkataba wake. Shirikisho maskini linapokaa kimya juu ya nyota wake, mara nyingi bima ndiyo sababu. Mashabiki huambiwa amekataa wito.

Na pasipoti inaweza kunyang'anywa. Enes Kanter alijua hivyo mwaka 2017 alipozuiwa uwanja wa ndege wa Bucharest, kwa kuwa Uturuki, aliyokuwa akiikosoa serikali yake, ilifuta hati yake akiwa safarini. Alicheza NBA kwa miaka bila uraia wa kutegemea mpaka Novemba 2021, alipokuwa raia wa Marekani na kujiongezea jina la Freedom. Kwa mtu kama huyo uraia wa pili ni usalama wa maisha yake.

Kama ningekuwa na kura pale Mies, ningegeuza mpangilio. Vile vigezo ambavyo leo ni vya hisani, yaani miaka ya kuishi, misimu ya kucheza na mafungamano ya kweli, vingekuwa ndiyo kanuni yenyewe, na tarehe ya pasipoti ingebaki kuwa ushahidi mmoja kati ya mengi. Mirotić angehesabiwa mwenyeji wa Hispania, Brown angelazimika kwanza kuishi huko. Mtoto mwenye asili ya nchi mbili asingepoteza nafasi kwa sababu wazazi wake, wakiwa wakimbizi au vibarua wa zamu mbili, hawakufika ubalozini kabla hajatimiza miaka 16. Hadi hapo, familia zinazojua zinaomba hati mapema, na zisizojua zinakuja kuelezwa na shirikisho siku kikosi kinapotangazwa.